Taichi baada ya kuanguka: je, faida zake ni za maisha yote?

"Salaam daktari. Nina miaka 61, naishi Bombo, hapa Uganda. Zamani nilikuwa mwalimu wa chekechea, siku hizi nashinda nyumbani nasuka makawa na vikapu. Mwaka jana, mvua za Novemba, niliteleza uani nikaangukia mkono wa kushoto, kifundo kikavunjika. Nilifungwa plasta wiki 6, mfupa ukaunga vizuri. Lakini tangu siku ile naogopa. Ngazi za msikiti sishuki bila kushikwa mkono, sala nasalia kitini, na magoti yananiuma nikitaka kuinuka mkekani. Nina presha pia, nameza kidonge kila asubuhi. Sasa mtoto wa dada yangu amerudi kutoka China alikosomea uhandisi, na huko alijifunza taichi. Anataka kunifundisha. Anasema mtu akishajifunza faida zake ni za maisha yote, inaponya magoti, presha na mifupa, na dawa naweza kuzipunguza kidogo kidogo. Jirani yangu anasema ile ni ibada ya Wachina, nisiiguse. Mwanangu wa kiume anacheka tu, anasema kupunga mikono polepole si mazoezi. Nani mkweli? Na Ramadhani ikiingia nitaweza kuendelea?"

Mama, waalaikumu salaam. Umeniita daktari, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu ni viungo, misuli na mwendo wa mwili. Habari ya vidonge nitairudisha kwa daktari wako, lakini mengine uliyouliza ndiyo ninayoshinda nayo kila siku. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza juu ya magoti, presha, mifupa, dini na Ramadhani. Lipo jambo moja umeligusa kwa maneno machache ukapita: "tangu siku ile naogopa." Mimi nitaanzia hapo, kwa sababu kwa mwanamke wa umri wako ambaye mkono umeshavunjika mara moja, woga huo unanitia wasiwasi kuliko magoti.

Katika wale watatu, kijana wa dada yako ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Taichi itakufaa, na ningependa uanze. Ila mawili aliyoyasema siyakubali. La kwanza ni kupunguza dawa. Hilo usilifanye hata siku moja kabla hujaonana na aliyekuandikia. La pili ni hilo la kwamba ukishajifunza, faida ni za maisha yote. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayakuwekwa mahali pake, na ukiyachukua yalivyo yatakuvunja moyo baadaye. Nitayarudia.

Jirani yako kwanza, maana najua maneno ya jirani yanavyokaa moyoni. Jina kamili la mchezo huu ni taijiquan, na hiyo "quan" ya mwisho maana yake ni ngumi. Ni sanaa ya kupigana. Historia yake inayofuatika inatupeleka kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan nchini China, katika karne ya 17, kwa ukoo wa Chen, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Chen Wangting, mtu wa jeshi. Karne ya 19 Yang Luchan alijifunza kijijini hapo akaupeleka Beijing, na ukoo wake ndio ulioulainisha ukawa mwendo mpole unaojulikana leo. Mwaka 1956 serikali ya China iliwakusanya walimu wakautengenezea mfululizo mfupi wa mikao 24, unaokwisha kwa dakika 5 au 6, ili mtu wa kawaida aumudu. Wageni wengi wanaosoma China hujifunza huo, na yumkini ndio aliorudi nao kijana wako. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza taijiquan katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sitakuficha kwamba walimu wengi huueleza kwa fikra za Kichina za kale, yin na yang, nguvu zinazozunguka mwilini. Wewe hulazimiki kuyaamini hayo ili mguu wako upate nguvu. Katika mwendo wenyewe hamna dua, hamna sanamu, hamna anayesujudiwa. Mimi si shekhe, na neno la dini si langu. Nakushauri umwendee imamu wako, na usimwelezee kwa mdomo. Mwache kijana aonyeshe mikao mitatu minne mbele yake, aone mwenyewe, kisha amwulize atakalo. Nimewasaidia Waislamu na walokole kwa mazoezi haya, na wengi wa waliokuja na wasiwasi kama wako walitulia walipoona kwa macho.

Sasa tuingie kwenye mwili wenyewe.

Simama nyuma ya kiti kizito, mikono miwili ishike mgongo wa kiti, miguu iachane kidogo. Funga macho kwa muda wa kuhesabu hadi 5, mikono ikibaki pale pale. Utahisi kitu: vidole vya miguu vinakamata sakafu, visigino vinakanyaga na kulegea, kiwiliwili kinayumba kidogo sana mbele na nyuma. Hukuyumba kwa sababu umefumba macho. Ulikuwa ukiyumba tangu mwanzo. Binadamu aliyesimama hatulii kabisa. Anaanguka kidogo na kujirudisha, kila wakati, bila kujua.

Kazi hiyo ya kujirudisha ina wafanyakazi watatu. Macho yanauambia ubongo dunia iko wima au imeinama. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye maji vinavyopima kichwa kinageukia wapi. Na wa tatu, asiyetajwa na watu, ni nyayo na vifundo vya miguu: ngozi ya unyayo inahisi uzito uko kisiginoni au vidoleni, na misuli na kano zinapeleka habari jinsi kifundo kilivyokunjwa. Ubongo unazijumlisha habari hizo na kuamrisha misuli ya mguu, paja na nyonga irekebishe. Umri unapokwenda, wote watatu wanachoka. Macho yanapungukiwa na nuru, nyayo zinakufa ganzi kidogo hasa kwa mwenye sukari, na misuli, ambayo huanza kupungua taratibu tangu miaka ya 30, haijibu amri kwa haraka ile ya ujanani. Ulipoteleza uani, nadhani mguu ulikwenda na amri ya kuurudisha ikachelewa kidogo tu. Mkono ukatangulia kukinga. Kuvunjika kifundo cha mkono kwa namna hiyo kunatokea sana kwa wanawake baada ya hedhi kukoma, na kwetu sisi ni onyo, kwa sababu anguko linalofuata laweza kumkuta mtu mzee zaidi, asiyewahi kutanguliza mkono, likaishia kwenye nyonga.

Na hapa woga unaingia. Mtu aliyeanguka hutembea kwa hatua fupi, magoti yamekakamaa, macho chini, anapapasa ukuta. Anaacha ngazi, anaacha mkeka, anaacha kwenda sokoni. Anadhani anajihifadhi. Miezi sita baadaye mapaja yamenywea, vifundo vimekuwa vigumu, ubongo umesahau kujirekebisha kwa kuwa hauombwi tena kufanya hivyo, na mtu yule yuko karibu zaidi na kuanguka kuliko siku ile alipoteleza. Mama, wewe umekwisha kuacha ngazi, umeacha sijida, na mkekani unainuka kwa shida. Nakwambia haya kwa upole lakini sitayapunguza: njia hiyo lazima uikatize.

Taichi inaikatiza kwa sababu inafundisha jambo moja tu kwa sura nyingi, nalo ni kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda wa pili bila kuupoteza. Mikono inayomchekesha mwanao ni sehemu ndogo. Tazama miguuni. Mguu wa kulia umebeba mwili wote, goti limekunjwa kidogo. Mguu wa kushoto unainuka mtupu, unasogea mbele, kisigino kinagusa chini kama mtu anayejaribu tope kuona kama linateleza, na bado hakijapewa kitu. Kisha uzito unamiminwa taratibu: robo, nusu, wote. Ndipo mguu wa nyuma unaachiliwa. Muda wote huo kichwa hakipandi wala hakishuki.

Bila shaka umewahi kubeba mtungi au jerikeni la maji kichwani, ukapita kilima kilicholowa. Kumbuka mwili wako ulivyokuwa: shingo imetulia, nyonga imelegea, unyayo unatafuta ardhi kabla ya kuiamini. Ule ndio mwendo wenyewe. Mama zetu waliufanya kila siku bila kuupa jina. Bomba likaletwa uani, jambo la kumshukuru Mungu, na mwendo ule ukatutoka.

Kwa nini polepole? Kwa sababu haraka inaficha. Ukitembea upesi, mwili unajitupa mbele na mguu mwingine unakuja kuudaka; sehemu dhaifu unairuka. Ukipunguza mwendo hadi hatua moja ichukue pumzi nzima, kila kipande cha njia kinahitaji msuli wa kukishikilia, na paja lililokunjwa kidogo linabeba mwili kwa sekunde nyingi kuliko lilivyozoea. Mwambie mwanao asimame kwa mguu mmoja, goti limekunjwa kidogo, auzungushe ule mwingine mbele kwa muda wa kuhesabu hadi 10 bila kugusa chini, arudie mara 8 kila upande. Paja litamtetemeka, na kicheko kitakwisha chenyewe.

Ana haki kwa upande mmoja, tumpe. Kwa kijana mwenye afya taichi ya polepole haitoshi peke yake kwa moyo na mapafu, na atakayetaka kupunguza mwili atahitaji kutembea kwa kasi, kulima au kupanda baiskeli. Ni mazoezi mepesi hadi ya wastani. Kwa mtu wa hali yako ndiyo yanayotakiwa.

Haya siyasemi kwa kuona wagonjwa wangu tu. Huko Oregon, Marekani, watafiti waliwachukua watu 670 wa miaka 70 na zaidi waliokuwa katika hatari ya kuanguka, wakawagawa: wengine taichi mara 2 kwa wiki, saa moja kila mara, wengine mazoezi ya mchanganyiko, wengine kunyoosha viungo tu, kwa wiki 24. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Waliofanya taichi walianguka pungufu kwa asilimia 58 kuliko walionyoosha viungo, na asilimia 31 kuliko wale wa mchanganyiko. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kundi hilo la watafiti lilionyesha kwamba hata wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao mwili wao unasahau kujishika, walisimama imara zaidi baada ya wiki 24. Katika fani yetu si mambo mengi yenye ushahidi mzito hivyo.

Magoti yako. Kijana amesema taichi inaponya. Kama ni gegedu lililolika, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, ambalo ndilo ninalolishuku kwa umri wako na kwa miaka mingi ya kukaa chini ukisuka, hakuna zoezi linalolirudisha. Kinachoweza kurudi ni misuli inayolizunguka goti, na ikirudi maumivu hupungua kwa kiasi ambacho watu hawakitegemei. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Boston wa watu 204 wenye magoti yaliyolika: taichi ya wiki 12 ilipunguza maumivu sawa na fiziotherapia ya kawaida. Nafurahi kukwambia hivyo ingawa fiziotherapia ndiyo kazi yangu.

Lakini goti laweza pia kuumizwa na taichi mbovu, na hapa naomba kijana asome kwa makini. Mama asimame juu, magoti yakunjwe kidogo tu. Mikao ya chini kabisa aliyoiona kwa mabingwa si ya mama. Goti lielekee kule kinakoelekea kidole cha pili cha mguu, lisianguke kwa ndani, wala lisipite mbele ya vidole. Na kosa kubwa kuliko yote ni kugeuza mguu uliobeba uzito. Unyayo umekwama sakafuni, mwili unazunguka, na goti lililo katikati ndilo linalosokotwa. Uzito utolewe kwanza, mguu ugeuzwe kwa kisigino ukiwa mtupu, ndipo urudishiwe. Maumivu ya misuli ya paja kesho yake ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya goti wakati wa zoezi, au goti kuvimba usiku, maana yake mmesimama chini mno au mnasokota.

Presha. Mwaka 2024 ulitolewa utafiti kutoka China wa watu 342 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijawa ugonjwa. Baada ya miezi 12 ya taichi, saa moja mara 4 kwa wiki, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 7, na kwa waliofanya mazoezi ya kutoa jasho ilishuka karibu 5. Ni habari njema. Tazama lakini walikuwa akina nani: watu wa kuanzia miaka 18 hadi 65 ambao hawajafika kwenye presha ya ugonjwa. Wewe unameza dawa. Namba 7 ukiiongeza juu ya dawa ni msaada mzuri. Ukiiweka mahali pa dawa ni hatari, kwa kuwa presha haikuambii inapopanda, na kiharusi hakipigi hodi. Pima kila mwezi katika kituo cha afya, andika namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama baada ya miezi kadhaa zinashuka, mpelekee daktari daftari hilo, naye ndiye ataamua. Nimewaona wagonjwa waliopunguziwa dozi kwa njia hiyo ya halali. Nimewaona pia walioacha kimyakimya kwa ushauri wa mtu wa familia mwenye mapenzi mema, na hao walikuja kwangu wakiwa upande mmoja wa mwili haufanyi kazi.

Lipo jambo jingine juu ya dawa za presha ambalo ni la kuanguka moja kwa moja. Zipo zinazofanya presha ishuke ghafla mtu anapoinuka, hasa asubuhi. Je, ukitoka mkekani au kitandani kwa haraka unaona giza au kizunguzungu? Kama ndiyo, mwombe mhudumu akupime ukiwa umelala dakika 5, kisha tena ukiwa umesimama baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe. Pengine uani hukuteleza kwa mvua peke yake.

Mifupa nitaisema kwa ufupi. Kusimama na kubeba uzito wa mwili kunaisaidia mifupa isilegee upesi, lakini sitakuahidi kwamba taichi itaifanya migumu tena. Ushahidi hapo hautoshi. Mfupa usiopigwa chini hauvunjiki, na huko ndiko taichi inakolinda. Wewe ongeza mukene, wale dagaa wa ziwani, uwale wazima na mifupa yao, simsim na maziwa, utoke juani asubuhi. Na kwa kuwa umeshavunjika mara moja kwa anguko la kawaida, ukipata nafasi ya kufika hospitali kubwa, muulize daktari kama unahitaji kipimo cha uzito wa mifupa.

Sasa yale maneno ya "maisha yote". Watu huyasikia kana kwamba taichi ni chanjo: unachomwa mara moja, umemaliza. Misuli haitunzi hivyo. Ukiacha kwa miezi michache, nguvu za paja zinapungua na wepesi wa kifundo unarudi ulikokuwa. Mikao utaikumbuka, kinga haitakuwepo. Kwa hiyo kijana asikufundishe miezi mitatu kwa bidii kisha akapata kazi Kampala akatoweka, ukabaki na kumbukumbu. Ni kama uji wa watoto wako wa chekechea: wa jana haukushibisha tumbo la leo.

Ninachokipenda mimi katika taichi ni kwamba mazoezi mengine yana umri wake, na hili halina. Mpira unamtupa mtu nje akifika 35, mbio zinamshinda magoti yakichoka. Hapa mtu wa miaka 20 anasimama chini na kupiga ngumi, wa 40 anapunguza kidogo, wa 61 anasimama juu, wa 80 anashika kiti, na asiyeweza kusimama kabisa anakaa kitini akahamisha uzito kutoka kalio moja kwenda jingine na kugeuza kiwiliwili kwa pumzi. Zoezi ni lile lile. Halihitaji uwanja, ada, wala viatu vya bei. Chenye kudumu maisha yote ni kule kuweza kuendelea nalo, na kwa hiyo lolote mtakalopanga wewe na kijana, lipangeni kwa namna ambayo mwaka wa tano bado litafanyika. Dakika 15 za kila siku kabla ya kifungua kinywa zinashinda saa mbili za Jumamosi zitakazoachwa mvua ikinyesha.

Wiki mbili za kwanza msiguse mikao 24. Simama barazani, sakafu kavu, kiti kizito upande wa mkono wa kulia, kijana upande wa kushoto. Viatu vya soli bapa isiyoteleza. Kandambili hapana, na kama una sukari usivue viatu. Hamisha uzito kulia na kushoto, kila upande pumzi 3, mara 10. Kisha mguu mmoja mbele, hamisha mbele na nyuma. Kisha inuka juu ya vidole ukishika kiti, ushuke polepole kuliko ulivyopanda. Kisha kaa kitini uinuke bila kutumia mikono, mara 5 kwa kuanzia. Hili si la Kichina, ni langu, na ndilo litakaloyarudisha mapaja yako. Pumua kwa pua, usizuie pumzi, maana kuzuia pumzi hupandisha presha. Wiki ya tatu mwanze hatua ile niliyoieleza, ya kisigino kujaribu tope. Mikono ije mwisho.

Kabla ya kuanza, mjipime. Kaa kitini, kijana ashike simu yenye saa, weka alama mita 3 mbele. Inuka, tembea kwa mwendo wako wa kawaida hadi kwenye alama, geuka, rudi, kaa. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, hatari ya kuanguka ipo na kijana asikuache peke yako katika mazoezi. Andika namba hiyo daftarini karibu na za presha, mjipime tena baada ya wiki 12. Utaona namba ikitembea.

Na kama hutaipenda taichi, au imamu wako akisema hapana, hujapoteza. Mazoezi ya kuinuka kitini, kusimama kwa mguu mmoja ukishika meza, kutembea kisigino kikigusa vidole, nayo yanapunguza kuanguka yakifanywa mara 3 kwa wiki. Taichi naiweka mbele kwa sababu watu huendelea nayo. Inawapa kitu cha kujifunza, na wewe una mwalimu nyumbani.

Yapo ambayo hayangoji barua. Ukianguka na huwezi kukanyagia mguu, au mguu umekuwa mfupi na umegeuka nje, usivutwe wala kukandwa na mtu yeyote, upelekwe hospitali ukiwa umelala. Ukigonga kichwa halafu ukaanza kutapika, kusinzia au kuumwa kichwa kinachozidi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea ghafla, maneno kukwama: hiyo ni dharura ya saa ile ile. Kifua kubana au kupoteza fahamu kabla ya kuanguka, vivyo hivyo. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, usifanye zoezi siku hiyo, nenda kituoni. Na kama umeanguka mara 2 ndani ya mwaka mmoja, au unyayo umekufa ganzi, au macho hayaoni vizuri magharibi, omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia ana kwa ana. Hospitali ya Mulago, Kampala, tupo, na katika hospitali za rufaa za mikoa tupo. Mkono wako pia ningependa uonwe: kama ukiukunja kifundo unakuta hakifiki kama wa kulia, au ngumi haifungi, bado una kazi ya kufanya hapo, na msukaji anahitaji mikono miwili.

Umeuliza Ramadhani. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu haubadiliki sana, mfungo ni kama saa 13 mwaka wowote. Usifanye saa za mchana jua likiwa kali na koo limekauka, maana mwenye presha akipungukiwa na maji ndipo kizunguzungu kinapomkuta. Watu wangu wengi hufanya nusu saa kabla ya magharibi, kwa wepesi, ili futari iwe inangoja. Wengine baada ya tarawehe. Dakika 10 zinatosha kwa mwezi huo. Saa ya kumeza kidonge itabidi ibadilike, na hilo ukaulize kituoni wiki 2 kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu kiti unachosalia, sitakuharakisha. Mwezi wa pili wa mazoezi, mwambie kijana aweke kiti kizito mbele ya mkeka. Shika kiti, piga goti moja, la pili, kaa juu ya visigino, tulia. Kisha rudi: mguu mmoja wenye nguvu mbele, unyayo wote chini, uzito uuhamishe juu yake kama ulivyofundishwa, sukuma, simama. Anza mara moja kwa siku. Ukifika mara 5 bila kushika kiti na bila maumivu makali, niandikie.